Ukinitumia Ngoma, Niambie Kwa Nini

Leo nina ombi moja tu, na najua nusu yenu mtaniita mzee. Ukinitumia ngoma, usinitumie linki tupu. Niambie kwa nini umenitumia. Sitaki insha ya KCSE. Sentensi moja inatosha.

Unajua venye huwa. Saa nne usiku simu inalia. Unafungua, unapata linki. Hakuna salamu, hakuna neno, labda kaemoji ka moto. Jina la wimbo hulijui, msanii pia humjui. Unasema utaskiza baadaye, na hiyo baadaye sote tunaijua, haina tarehe. Kesho mwenyewe anauliza, "Uliskiza?" Unajibu, "Eeh, ni noma." Hukuskiza. Yeye pia anajua hukuskiza. Mnaendelea na maisha.

Wengi wanaona hiyo ni kitu kidogo. Mimi naiona kubwa, na nitawaambia sababu, maana huwezi kudai sababu kwa watu halafu wewe mwenyewe uje mikono mitupu.

Programu inajua nini, haijui kwa nini

Spotify ilifunguliwa Kenya Februari 2021. Tangu hapo kila mwisho wa mwaka tunafanyiwa hesabu. Wrapped inatoka, na kwa siku mbili Status za watu wote zinafanana: msanii wangu nambari moja ni huyu, dakika nilizoskiza ni hizi, mimi ni shabiki kuwaliko nyinyi wote. Ni poa. Mimi pia huposti, na mwaka huu nitaposti tena.

Lakini angalia kile hesabu inaacha nje. Sema ulicheza wimbo mmoja mara mia mwezi wa Machi. Inaweza kuwa uliachwa. Inaweza kuwa mtoto wa dada yako hakubali kulala bila huo wimbo. Inaweza kuwa mlikuwa mnajifunza densi ya harusi ya binamu. Hizo ni hadithi tatu tofauti kabisa, lakini kwa programu zote zinaandikwa hivi: 100.

Programu inajua uliskiza nini, saa ngapi, mara ngapi, na uliruka ukifika wapi. Sababu haijui. Sababu imebaki kwako. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya uskizaji wako ambayo kampuni haiwezi kukupostia, na ndiyo sehemu tunayoacha tukituma linki tupu.

Na kwa kutuma linki tupu mashine inatushinda mbali. Ina nyimbo mamilioni, haichoki, hailali. Kitu haiwezi ni kuniambia, "Nimeskia hii nikiwa kwa mathree nikakukumbuka." Ukiniandikia hivyo nitabonyeza hata kama bando limebaki MB kumi.

Wimbo ulikuwa unakuja na salamu

Kuna watu walikuwa wameshajua hii kitu kabla sisi tuzaliwe. Uliza mtu yeyote aliyekua akiskiza Idhaa ya Taifa ya KBC, ama Sauti ya Kenya kabla ibadilishwe jina. Kulikuwa na vipindi vya salamu. Ulinunua kadi, ukajaza jina lako na mahali ulipo, ukaorodhesha unaowasalimia mmoja mmoja, ukatuma kwa posta na ukangoja wasomewe na wapigiwe wimbo. Siku mtangazaji akisoma kadi yako, kijiji kizima kilijua. Watu walijipa majina ya salamu, wakaunda vilabu vya salamu, wakajulikana nchi nzima bila mtu kuona sura zao. Niambie kama hao si ndio mainfluensa wa kwanza wa Kenya.

Kitu ninaipenda kwa hiyo kadi ni kwamba wimbo haukuruhusiwa kutembea peke yake. Ulitembea na jina la aliyetuma na majina ya waliotumiwa. Msee wa Kitale ambaye hamjui yeyote kati yenu alijua angalau kuna shangazi Voi anakumbukwa, na anakumbukwa na nani.

Halafu ikaja Skiza. Ukiifikiria vizuri, Skiza ni kitu ya ajabu. Unalipia wimbo ambao wewe mwenyewe huuskii. Anayeuskia ni anayekupigia. Ni muziki umenunuliwa kwa ajili ya masikio ya mtu mwingine. Mtaani kwetu mama akifiwa, anabadilisha Skiza, na kila anayepiga anajua kabla simu haijashikwa kwamba leo kwa hiyo nyumba hakuna mizaha.

Hata hedfoni hazikuanza na upweke. Walkman ya kwanza ya Sony, ile ya 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedfoni na kitufe cha kupunguza sauti ili watu wawili waongee bila kuzivua. Waliotengeneza waliona ni kama kukosa adabu mtu kujifungia na muziki peke yake mbele ya mwenzake. Baadaye tundu likabaki moja. Leo simu nyingi hazina hata hilo moja.

Kwa hivyo mtu akiniambia kueleza muziki ni mambo ya wazungu na majarida yao, namwambia hapana. Hapa kwetu wimbo ulikuwa unakuja na salamu. Sisi ndio tumetoa salamu tukabaki na linki.

Wimbo wa mathe

Mathe wangu ana wimbo wake wa Jumapili. Ni Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi ya wanamuziki wa Tanzania na Kenya iliyokuwa inapiga hapa Nairobi. Wimbo ni wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Anauweka akipiga pasi nguo za kanisa, sauti juu, hadi jirani anajua saa mbili imefika. Mimi nimekua na huo wimbo. Naujua gitaa kwa gitaa.

Mwaka jana nikamuuliza, "Mum, kwa nini huu kila Jumapili?"

Akasimamisha pasi. Akaniambia alipokuja Nairobi kutoka Busia akiwa msichana, alikaa kwa kaka yake Huruma, chumba kimoja, pazia katikati. Huyo kaka yake alikuwa na kaseti tatu, na moja ilikuwa ya Les Wanyika. Kila Jumapili aliweka huo wimbo akipiga pasi ya makaa, akiimba sehemu zote, hata za gitaa, kwa mdomo. Ndiye aliyemlipia mathe kozi ya ushonaji, na hiyo cherehani ndiyo imetulisha sisi. Alifariki kabla mimi nizaliwe.

Nimepewa jina lake. Hiyo nilijua. Kitu sikuwa najua ni kwamba alikuwa anaimba gitaa kwa mdomo, tabia ambayo mimi pia ninayo nikikata video, na watu wa nyumbani hunipigia kelele ninyamaze. Miaka ishirini na kitu ya harusi, matanga na stori za krismasi, hiyo haikuwahi kutoka. Ilitoka siku niliuliza kuhusu wimbo.

Wewe pia uko na mtu kama huyo kwa nyumba. Baba anayezima redio wimbo fulani ukianza. Shosho anayejua wimbo mmoja tu wa Kilingala na hajui maana ya hata neno moja. Waulize wakiwa bado wanaweza kujibu. Orodha ya nyimbo zao utaipata YouTube siku yoyote, bure. Sababu zao hazimo YouTube.

Sababu inaweza kugeuza wimbo wote

Na hii si ya familia tu. Nchi nzima pia iko na nyimbo ambazo huwezi kuzielewa bila kujua watu walikuwa wanaziskiza kwa nini.

Chukua Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, 2002. Neno lenyewe limetoka kwa Dholuo, bwogo, yaani kutisha, likawekwa Kiingereza mbele na nyuma: mtu asiyetishika. Ilikuwa ngoma ya wasanii wawili wakijipa moyo. Uchaguzi wa Desemba ukakaribia, upande wa NARC ukaidandia, na watu wakaiimba hadi KANU, iliyokuwa mamlakani tangu 1963, ikatoka. Ngoma ni ile ile. Kilichobadilika ni sababu ya watu kuimba.

Sisi tumeona yetu kwa macho. Anguka Nayo ya Wadagliz ni ngoma ya kudensi. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, watu wa rika letu waliimba hiyo ngoma katikati ya jiji, macho yakiwasha kwa vitoza machozi. Kama uliicheza wiki hiyo, hesabu yako ya mwaka iliiandika kama ngoma nyingine ya sherehe. Miaka ishirini ijayo mtoto wako ataipata kwa orodha yako na kucheka venye wazee walikuwa wanadensi. Usipomwambia kwa nini uko nayo, hatajua ulikuwa wapi hiyo wiki, wala kwamba kuna wenzako waliotoka nyumbani asubuhi wakiimba na hawakurudi.

Usiku wa Status

Sasa nifike sehemu ngumu. Wanaonifuata kitambo wanajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo iliisha. Nilirudi nyumbani na begi moja, na sikutaka mtu ajue. Usiku nilikuwa naweka nyimbo za huzuni kwa Status, moja baada ya nyingine, bila neno lolote. Watu sitini, sabini, waliangalia kila usiku. Nilikuwa naona majina yao. Wengine walituma emoji ya moto. Huwezi kuwalaumu. Mtu anaweza kuweka wimbo wa huzuni na yeye ako zake sawa, anakula chapo.

Mtu mmoja, jamaa tuliyekuwa tunakaa dawati moja high school, akaniandikia: "Buda, hii umeiweka mara ya tatu wiki hii. Kwani iko na nini?"

Angalia hakuniuliza niko aje. Swali la niko aje lina jibu moja Kenya nzima: poa. Unalijibu hata ukiwa kwa stretcher. Yeye aliuliza kuhusu wimbo, na kuhusu wimbo nilikuwa naweza kuongea. Nikaanza na msanii. Nikaenda kwa kiitikio. Nikajipata namwambia kuhusu karo, kuhusu mathe, kuhusu venye asubuhi zilikuwa zinanilemea. Tulibonga hadi bando likaisha, akanipigia kwa laini. Wiki iliyofuata alinibeba kwa ruracio ya watu wao nikashika kamera ya pili. Hii kazi mnayoniona nayo ilianzia hapo.

Kwa hivyo ukiniambia hizi ni stori za muziki tu, nitakuskiza kwa heshima lakini hutanibadilisha. Sai kwa Status yako kuna msee anaweka wimbo mmoja kila usiku. Pengine ameupenda tu. Pengine kuna kitu. Huhitaji kuwa daktari wala kuwa na maneno makubwa. Muulize tu huo wimbo uko na nini. Na akikujibu kitu kizito kuliko mabega yako, usikibebe peke yako. Kaa naye, ita mtu mzima mnayemwamini, mpelekeni apate msaada.

Tunaogopa kuchekwa

Kwani mbona hatusemi sababu? Mimi naona ni aibu. Ukisema unapenda wimbo, mtu anaweza kucheka wimbo. Ukisema kwa nini unaupenda, sasa anaweza kukucheka wewe.

Ndiyo maana watu wana maisha mawili. Kuna orodha ya mchana, ile ya kuonyeshwa watu, ngoma za wasanii ambao mbogi imekubali. Halafu kuna ya usiku: gospel ya shosho, bongo ya zamani, wimbo wa katuni, Celine Dion. Spotify yenyewe ina sehemu ya kuskiza kwa siri ili marafiki wasione. Nimejua wasee wanaoiwasha kuliko wanavyowasha data.

Na Kenya tuna aibu nyingine juu ya hiyo. Ukiposti mugithi, mtu anaangalia jina lako la pili. Ukiposti ohangla, vivyo hivyo. Mara unaulizwa mambo ya kura, na ulikuwa tu unapenda mdundo. Wengi wanaamua kuacha, wanaposti ngoma za Marekani na Nigeria ambazo haziwezi kuwaletea shida.

Mimi naona sababu ndiyo dawa ya hiyo pia. Wimbo bila sababu, watu wanausoma kama bendera. Ukiandika, "Naipenda hii ohangla kwa sababu ngoma zinakimbia hadi nasahau nimechoka," na wewe ni Mkamba wa Machakos, nani atakuambia nini? Umeongea kuhusu miguu yako. Mjaluo akisoma hapo anakuongezea nyingine tano, na mmeanza stori ambayo haijapitia kwa mwanasiasa yeyote.

Msanii mdogo anakula sababu

Hii ni ya wale mnaosema mnasaidia wasanii wa nyumbani.

Spotify wana sheria tangu 2024: wimbo usipofikisha kuchezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, haulipwi kwa hiyo rekodi. Na ili uhesabiwe umechezwa mara moja, mtu lazima askize angalau sekunde 30. Kwa msanii mkubwa 1,000 ni dakika chache. Kwa msee wa Dandora aliyerekodi akiwa amefunika kichwa na blanketi ili jogoo wa jirani asiskike, 1,000 ni mlima.

Linki tupu inampa sekunde tano za udadisi. Mtu anafungua, anaskia mwanzo, anatoka. Hajahesabiwa. Lakini ukiandika, "Ngoja dakika ya pili, pale anaacha kurap anaanza kuongea na mamake," umempa mtu sababu ya kufika dakika ya pili. Sekunde 30 zimepita kitambo.

Kwa ukurasa wangu naiona kila wiki. Nikiweka linki peke yake, mnapita kama mnapita kanjo. Nikiandika sentensi tatu, mnaenda kuskiza, na mnarudi kubishana nami kwa komenti kwamba sina masikio. Nipeni huo ubishi. Msanii anakula huo ubishi.

Mtaniambia

Mtaniambia si kila kitu lazima kielezwe, ngoma ni ngoma. Kweli kabisa. Lakini sababu haihitaji kuwa kubwa. "Inanisaidia kuosha vyombo" ni sababu. "Bass inafanya sufuria kwa rafu zitetemeke" ni sababu, na nimeicheka wiki nzima. Hakuna mtu amekuambia ulie.

Mtaniambia kuna nyimbo za mtu mwenyewe, hazisemwi. Nakubali pia. Niko nazo mbili ambazo hamtawahi kuziona hapa. Wimbo wa siri ukae siri. Mimi naongea kuhusu ule ambao umeamua kuutuma. Kama umeamua kuutoa nje ya nyumba, uvalishe nguo.

Na mtaniambia hamjui kwa nini mnapenda kitu, mnapenda tu. Hapo nina maswali matatu ya kusaidia. Ulikuwa wapi ulipouskia mara ya kwanza? Ni sehemu gani unarudisha nyuma? Ukiuskia unamfikiria nani? Jibu moja kati ya hayo, ushamaliza.

Zangu za wiki hii

Nisiwe mhubiri wa maji anayekunywa busaa, kwa hivyo hizi hapa.

Nimefika ya E-Sir, albamu nzima. Nikiwa mdogo shuleni Kiswahili kilikuwa ni ngeli na kuchapwa. Kwa E-Sir ndipo nilijua mtu wa South C anaweza kukichezea kama mpira na kisianguke. Alifariki kwa ajali 2003 akiwa na miaka 21. Mimi sasa nimempita umri, na kila nikiskiza najiuliza nimefanya nini na miezi yangu ya ziada.

Kothbiro ya Ayub Ogada. Huko nje wengi waliiskia kwa filamu ya The Constant Gardener, 2005. Mimi nilitafsiriwa jina na mzee anayeshona viatu pale nje ya geti yetu. Aliskia simu yangu akasema, "Kijana, huyo anakuambia mvua inakuja." Tangu siku hiyo naiskiza mawingu yakifunga, na kweli mara mbili imeniokolea nguo kwa kamba.

Chochote cha KMRU. Huyu jina lake ni Joseph Kamaru, sawa na babu yake, yule Joseph Kamaru nguli wa nyimbo za Gikuyu aliyefariki 2018. Babu aliimba maneno mazito, mjukuu mara nyingi anatengeneza sauti zisizo na maneno: upepo, mashine, jiji likiwa mbali. Naiweka nikikata video usiku kwa sababu haina maneno ya kuniibia akili. Na kwa sababu napenda kwamba mtu anaweza kurithi jina na bado asirithi njia.

Na Sina Makosa, Jumapili, saa mbili. Sababu mshaijua.

Sasa ni zamu yenu. Kwa komenti nataka vitu vitatu: wimbo mmoja, jina la mtu unayemtumia, na kwa nini. Kama kadi ya salamu. Ukiweka linki tupu nitakujibu "kwa nini?" hadi uchoke. Na ukimaliza hapa, kuna mtu alikutumia ngoma wiki iliyopita na ulimwambia ni noma bila kuskiza. Nenda ukaiskize, halafu umuulize.